Mtoto Aliyeazimwa Siku ya Kupimwa

Jumanne. Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, baridi na vumbi la malori.

Songwe imepanda. Ndivyo alivyotuambia asubuhi hii mratibu wa mradi wa lishe, katika ukumbi wa kukodi pale Vwawa, mbele ya waandishi wa habari na sahani za maandazi. Amesema watoto wa mkoa wetu walio chini ya miaka mitano wana hali nzuri kuliko upimaji uliopita, na kwamba tukilinganishwa na mikoa mingine iliyopimwa pamoja nasi, hatuko tena mkiani. Amesema pia kwamba sehemu kubwa ya akiba ya chakula dawa iliyokusudiwa wilaya ya Momba, zile pakiti za karanga wanazopewa watoto waliokonda sana, itahamishiwa mkoa ambao sasa uko nyuma yetu. Uamuzi utathibitishwa Ijumaa.

Nimeandika yote bila kukosea neno. Nilipoyasoma tena nikaona mwandiko wangu umepinda kama wa mtu aliyeandika juu ya pikipiki.

Naogopa.

Naliandika neno hilo hapa kwa sababu gazetini halina mahali pa kukaa. Nimeripoti ajali za malori kwenye mteremko, nimeripoti moto wa tangi la mafuta hapa Tunduma nikiwa karibu kiasi cha kuhisi joto usoni, na wenzangu wanasema moyo wangu umetengenezwa kwa mpira wa tairi. Leo nimeshindwa kufungua pakiti ya chakula dawa kwa vidole vyangu mwenyewe. Nimeikata kwa meno.

Ukutani pale ukumbini walibandika ramani ya mikoa. Kila mkoa una rangi yake, kulingana na hali ya watoto wake. Sisi tulikuwa wekundu, sasa ni wa njano. Mratibu aliigusa Songwe kwa kalamu, akaigonga kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyefanya vizuri darasani. Watu wakapiga makofi. Ni kijana mzuri yule, mchapakazi, anajibu maswali bila kuzunguka. Alipomaliza akanitafuta kwa macho.

“Mama, leo hujauliza. Tumekuridhisha au umelala?”

“Amezeeka, mwacheni,” akasema mwenzangu wa redio. “Anasubiri chai.”

Wakacheka. Nikasema bado nafikiri. Ilikuwa kweli, ila sikusema ninafikiri nini. Nilikuwa nafikiri kwamba mtoto wa kaka yangu amekaa nyumbani kwangu Mpemba na binti yake mdogo mapajani, na kwamba huyo binti hayumo katika rangi ile ya njano. Aliyemo ni mtoto mwingine, aliyeazimwa.

Nieleze kwa mpangilio. Nikiandika kwa mpangilio hofu hupungua, au angalau hukaa kwenye kiti chake.

Jumamosi nilishuka Kamsamba, bondeni Momba. Sekela, mtoto wa kaka yangu, ameolewa huko. Mume wake, Jofrey, huvusha mchele kwenda Nakonde na hukaa upande ule wa mpaka wiki nyingi kabla ya kurudi. Kila nilipompigia Sekela simu mwezi huu alinijibu kwa haraka, “Hatujambo shangazi, tupo na mavuno,” kisha akakata. Mimi kazi yangu ni kusikiliza watu wanaojibu haraka. Nikapanda kosta.

Unatoka huku umevaa sweta, ukifika kule unaivua kabla hujakanyaga chini. Nilimkuta Sekela uwanjani na wanawake wengine, wamenyoosha maturubai, wanaanika mpunga. Katikati ya mpunga alikuwa anatembea mtoto wa kiume wa miaka kama miwili, mnene, amevaa shati tu, anaukanyaga kwa raha zake. Hakuna aliyemkemea. Nikashangaa, maana pale hata kuku akisogea hufukuzwa kwa kandambili.

“Mwache Mheshimiwa akague mpunga,” akaniambia mmoja wao.

“Mheshimiwa?”

“Hujui, dada? Huyu ametuwakilisha. Ameshika nyumba tatu, na kote amepita bila kupingwa!”

Wakaangua kicheko. Mama wa mtoto, Joyce, ambaye ni dada wa Jofrey na wifi yake Sekela, alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kitenge. Nikauliza, wakanieleza bila kificho, kwa jinsi watu wanavyoeleza kitu wanachoona ni werevu na wala si kosa. Wapimaji wa lishe walipokuja kulikuwa na nyumba zilizochaguliwa. Kila mama wa nyumba hizo alitakiwa kumleta mtoto wake kwenye baraza ya ghala la mpunga. Mtoto wa Joyce akapimwa kwa jina lake. Kisha akavuliwa kofia, akabebwa na jirani, akapimwa kwa jina la mtoto wa jirani. Kisha akavalishwa gauni la njano akapimwa tena.

“Hapo alikuwa amechoka,” Joyce akasema. “Akampiga mpimaji teke la tumbo. Mpimaji akasema, eh, binti huyu ana afya!”

Nilicheka pia. Nakiri hivyo. Kicheko cha uwanja wa mpunga kinaambukiza, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale kitovu nje akitutazama kama tunamkosea heshima.

Kisha nikauliza gauni lile la njano lilikuwa la nani.

Sekela aliinama akaanza kuchagua mawe kwenye mpunga ambao haukuwa na mawe.

Upendo, binti yake, alikuwa ndani. Ana mwaka na nusu. Chumba kilikuwa cha moto kiasi cha kunata ngozi, na mtoto alikuwa amevaa sweta ya sufu ya mikono mirefu, soksi, na kofia iliyofungwa kidevuni. Alinitazama nilipoingia. Hakulia kwa kuniogopa, ingawa hajaniona tangu akiwa mchanga. Hakunyoosha mkono wala hakugeuka kumtafuta mama yake. Alinitazama tu, halafu akaacha kunitazama, kama mtu aliyemaliza kusoma tangazo.

Nikapandisha mkono wa sweta.

Sitaandika nilichofikiri. Nitaandika nilichoona. Mkono wa juu ulikuwa mwembamba kuliko kifundo changu cha mkono kwa mbali sana, na ngozi ilikuwa imelegea juu yake kama mkono wa sweta ya mtu mkubwa. Nywele chini ya kofia zilikuwa chache, rangi ya majani makavu. Nilibonyeza mguu kwa kidole gumba kama tulivyofundishwa kwenye semina moja. Hakukuwa na shimo, hakuwa amevimba. Kwenye mkoba nilikuwa na utepe wa kupimia mkono, tuliogawiwa siku hiyo ya semina, na nimekuwa nikiutumia kualamisha kurasa. Nikauzungusha. Ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya hatari, na si mpakani.

Nimewahi kuandika habari nyingi kuhusu rangi hiyo. Sikuwahi kuishika.

Mtu asiye wa huku ataniuliza kwa nini mama amfiche mtoto aliye katika hali hiyo siku ambayo msaada umekuja mpaka barazani. Jibu ni neno moja ambalo kila mama wa hapa analijua: kubemenda. Mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza nani kati ya wazazi wake ametoka nje ya ndoa, kwa sababu wanaamini joto la mtu mwingine likifika kwenye kitanda cha mama anayenyonyesha, ndilo linalomkausha mtoto. Mtoto aliyekonda ni ushahidi, na ushahidi huo unatembea, unabebwa mgongoni, kila mtu anauona.

Wapimaji hufanya kazi wawili wawili. Mmoja anasoma rangi, mwenzake anaandika. Anasoma kwa sauti ili mwenzake asikosee. Pale barazani kuna wanawake wamekaa kwenye foleni, kuna wapakiaji wa magunia, kuna wazee waliokuja kuona gari. Upimaji uliopita mama mmoja wa kijiji kile aliitiwa nyekundu mbele ya wote. Jioni ile mume wake akamrudisha kwao. Hakuna aliyemweleza mratibu jambo hilo. Kwa nini wamweleze? Si la lishe.

Kwa hiyo safari hii walijipanga.

Mama Jofrey alinikuta nikiwa bado na utepe mkononi. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno.

“Mtoto hajambo,” akasema. “Ni mwembamba tu. Ukoo wenu mwembamba. Wewe mwenyewe, dada, ukisimama kiubavu hatukuoni.”

“Alianza kukonda lini?”

“Tangu alipoharisha wakati wa mvua.”

“Na ananyonya?”

Akatazama mlango. Sekela ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba alimwachisha ziwa. Jofrey alirudi kutoka Nakonde wakati ule ule mtoto anaharisha, na mama mkwe akasema maziwa yameshaharibika, yasije yakamuua. Tangu hapo ni uji mwepesi na wali wa kupondwa, na katika msimu huu wa mavuno mara nyingi ni uji wa asubuhi uliopoa mpaka jioni.

Nilitaka kumkasirikia yule bibi. Ingekuwa rahisi. Lakini Sekela alipotoka kuchota maji, bibi mwenyewe alinishika kiwiko akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwake.

“Ukimpeleka wakampima, watasema nini juu ya mwanangu?”

Yeye pia anaogopa. Anamwogopea mwanawe kama Sekela anavyojiogopea. Jofrey analala Nakonde, na Nakonde kuna maneno. Mtoto akionekana, mmoja wa wawili hao amekwisha: ama mume ni mzinzi ama mke. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa anamficha mwenzake, na wote walikuwa wanajificha nyuma ya sweta ya mtoto.

Nikasema uongo. Nikasema nimetumwa kikazi Ileje, nyumba yangu haina mtu, namwomba Sekela akanilindie kwa siku chache, na mtoto abadilishe hewa. Nimekaa na waongo wengi wenye vyeo na najua uongo mzuri huwa mfupi. Wangu ulikuwa mrefu. Mama Jofrey alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mchele mpya.

“Mpikie uji mzito,” akasema. Hakusema nimpikie nani.

Jumapili alfajiri tukapanda. Gari linavyopanda kutoka bondeni hewa inapoa, na kwa mara ya kwanza ile sweta ikawa na kazi ya haki. Nilikaa karibu na Sekela na kila baada ya kona nilipeleka mkono kwenye pua ya mtoto nikijifanya ninaweka sawa kofia. Tulipobadilisha gari Mlowo, mama mmoja aliyekuwa na mtoto anayepiga kelele ya kupasua masikio alimtazama Upendo akavutiwa.

“Mtulivu huyu! Tubadilishane basi, wangu ana kichaa.”

Sekela akatabasamu. Mimi nikatazama nje ya dirisha. Kelele za yule mtoto mwingine zilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia siku ile.

Jana tulienda zahanati. Nilimwambia Sekela nitamwacha aamue mwenyewe tukifika mlangoni. Alipendekeza tuvuke Nakonde badala yake, huko hakuna anayemjua. Nikamwambia matibabu haya ni ya kurudi mara kwa mara, kwa wiki nyingi, na kila kurudi ni mpaka mwingine wa kuvuka. Akafikiri. Tukaingia.

Muuguzi alizungusha utepe wake. Hakusema kitu. Aliugeuza kidogo ili Sekela aone, akasubiri mpaka ameona, kisha akautoa. Nilitaka kumshukuru mwanamke yule kwa kunyamaza tu, lakini nisingeweza kueleza namshukuru nini. Akauliza mnatoka wapi. Sekela akasema, “Mpemba.” Muuguzi akanitazama, mimi ambaye kwa miaka yote najulikana kwa kusahihisha majina ya vijiji kwenye mikutano ya watu. Nikakaa kimya. Ikaandikwa Mpemba.

Halafu likaja jaribio la kula. Mtoto anapewa chakula dawa pale pale. Akila, anatibiwa nyumbani. Akikataa, ni hospitali na kulazwa. Sekela akaminya kidogo kwenye kidole, akakipeleka mdomoni mwa mtoto. Upendo alikishikilia kile chakula ulimini muda mrefu. Kisha akameza. Akafungua mdomo tena, taratibu kabisa, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Alikula cha kutosha. Muuguzi akatupa pakiti za kwenda nazo, akasema kwa kawaida angetuona baada ya wiki, ila huyu anataka amwone Jumatano. Akitapika, akipata homa, au akikataa kula, tusisubiri.

Leo asubuhi alikula. Ndiyo maana nilithubutu kwenda Vwawa.

Nilipokuwa nimekaa pale ukumbini nikaitazama ramani, nikapata wazo ambalo halijaniacha. Iwapo kijiji kimoja kina mtoto wa kuazimwa, vipo vingapi? Na mikoa mingine ina nini? Huenda kwingine wembamba haumhukumu mtu yeyote, na kina mama huko wamewaleta watoto wao wote mchana kweupe, waliokonda kwa walionona, na kwa ukweli wao wamepakwa rangi nyekundu. Sisi tumepanda. Labda ramani ile hailinganishi watoto. Labda inalinganisha sababu za kuficha.

Na chakula kitafuata ramani.

Nimerudi nyumbani saa nane mchana. Upendo alikuwa ameacha nusu ya pakiti na ametapika mara moja. Sekela alikuwa ameshafua nguo, ameshazianika, ameketi naye kizingitini, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sikuipenda. Nilimpigia muuguzi. Aliuliza maswali yake moja baada ya jingine: ana joto, anakunywa maji, anakufuata kwa macho? Akasema tumpe kidogo kidogo, na maji safi pembeni, na kesho tuwe wa kwanza mlangoni. Akitapika tena tusimsubiri yeye, twende moja kwa moja hospitali. Nimeshazungumza na jirani mwenye gari. Ameliegesha likiangalia barabarani.

Mhariri alikuwa amenipigia wakati huo huo. Anataka habari ya Songwe kupanda, fupi, yenye furaha. Nikamwambia upimaji una kasoro, watoto wameazimwa.

“Nani kasema?”

“Nimeona mwenyewe.”

“Dada, wewe si chanzo. Nipe mtu.”

Yuko sahihi. Ningemwambia hivyo hivyo mwandishi yeyote mdogo. Na mtu niliyenaye amekaa kizingitini pangu. Sekela alinisikia. Hakulia wala hakunisihi sana. Alisema tu, “Shangazi, usiniandike,” kama anayesema usiondoke na ufunguo.

Nikampigia mratibu.

“Nilijua swali litakuja,” akasema kwa furaha.

“Si swali. Mmempima mtoto mmoja kwa majina matatu.”

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha.

“Una ushahidi, mama?”

“Ninao. Ila sikupi jina wala kijiji.”

“Sasa hapo hunipi taarifa, unanipa hofu.”

“Ndiyo. Nimechoka kuwa nayo peke yangu.”

Akasema walifanya uhakiki, baadhi ya nyumba zilirudiwa. Nikamuuliza kama walitangaza siku ya kurudia. Lazima watangaze, akasema, la sivyo wanakuta watu wako mashambani. Nikamwambia basi na siku ya uhakiki walimkuta mtoto yule yule. Nikamuuliza rangi husomwa vipi. Akanieleza utaratibu wa wawili wawili, kwa uvumilivu, hadi alipofika kwenye neno “kwa sauti”. Hapo akasimama mwenyewe.

“Mke wangu kwao ni Isansa,” akasema. “Mama yake alikataa katakata mtoto wetu wa kwanza kutolewa nje kupimwa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.”

Nikafungua ukurasa mpya wa daftari.

Mwishowe alisema Alhamisi atashuka Momba mwenyewe na wapimaji wanawake. Watapima ndani ya nyumba, mlango umefungwa, bila kutangaza siku, na rangi haitatamkwa. Wataanzia vijiji kadhaa vya huko na hakuna pakiti itakayohama mpaka hapo. Nikamuuliza kama hilo niliandike. Najua alikuwa anaona makofi ya asubuhi.

“Liandike,” akasema. “Weka jina langu.”

Nimetuma aya nne. Hakuna kijiji ndani yake, hakuna Sekela. Nilitegemea baada ya hapo ningepumua. Sijapumua. Mkoa ukirekebishiwa rangi yake, huyu wa kwangu hatakuwa amemeza kijiko kimoja zaidi.

Jua lilikuwa linashuka Sekela aliponiomba simu. Yake haina salio. Alitoka nayo uani, akasimama kati ya nguo zilizoanikwa, nami niliyezoea kusikiliza ya watu nikajaribu kutosikiliza. Sikuweza.

“Jofrey. Mtoto wako anaumwa sana... Hapana. Tupo kwa shangazi, Mpemba... Nimemficha. Hata mama alijua.” Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ikizungumza kwa mbali, juu, haraka. Sekela akaiacha imalize. “Mimi sijatoka nje. Kama wewe umetoka, hilo ni lako, utaniambia siku nyingine. Huyu hajabemendwa na mtu. Ana njaa, Jofrey. Mtoto wetu ana njaa.”

Sijawahi kusikia mwanamke wa nyumba yetu akilisema neno hilo kwa mumewe, maana lina aibu yake pia. Alilisema kama muuguzi anayesoma utepe, tofauti ni kwamba yeye hakujali nani anasikia. Jirani mwenye gari alikuwa ameinama kwenye boneti, akabaki ameinama.

Alirudi akanipa simu. Nikamuuliza Jofrey amejibu nini.

“Amesema asubuhi anavuka. Atatukuta zahanati.”

“Kwa hasira au kwa wema?”

“Sijui. Alikata.”

Akamchukua Upendo, akamvua ile sweta, akamfunga kwa khanga tu mikono ikiwa nje, akamwekea tone la chakula dawa mdomoni. Mtoto akalishikilia. Tukangoja wote wawili. Akameza. Sasa ni tone la pili, na pakiti ina matone mengi.

“Kesho wakiuliza tunatoka wapi,” Sekela amesema bila kunitazama, “nitajibu Kamsamba.”

Alhamisi ni ya mratibu na Ijumaa ni ya kikao chao. Hayo ya mkoa nitayafuata, ni kazi yangu. Naandika haya huku nikimsikiliza mtoto akipumua upande wa pili wa pazia, na kila pumzi ikichelewa kidogo nainua kalamu. Sijui mume wa Sekela anakuja na mikono ya namna gani. Sijui kama pakiti hii itaisha.

Zahanati inafungua saa mbili asubuhi. Tutakuwa mlangoni saa moja.